Ufunguo wa Kanisa Uko kwa Jirani

Ufunguo wa kanisa hauko kanisani. Shikeni hilo kwanza, nyinyi wadogo zangu mnaonipigia simu kutoka Columbus na Buffalo kuniuliza kama kazi ya kutembeza wageni Ufaransa inafaa. Mkiishia hapa mmeshapata nusu ya ufundi. Ufunguo uko kwa bibi mmoja anayekaa nyumba ya tatu baada ya kanisa, na bibi huyo yuko bustanini nyuma anavuna maharage, hasikii mlango. Msigonge. Zungukeni, kohoeni kidogo, yasifieni maharage. Mkiyasifia vizuri, ufunguo utatoka kwenye mfuko wa aproni, mzito kama nyundo, na kanisa lenye miaka mia nane litafunguliwa kwa ajili yenu.

Chuoni hawakunifundisha hili. Nilisoma historia Bukavu, nikafundishwa kuuliza: nani kasema? Aliona mwenyewe au alisimuliwa? Nikatoka na shahada moja na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni wa kuuliza. Mama yangu husema nilipozaliwa sikulia, nilidai ushahidi.

Najiita mstaafu na mnacheka, kwa sababu nina miaka thelathini na mbili. Chekeni tu. Magoti yangu yamepanda minara mingi kuliko njiwa, na kwenye kazi hii kinachostaafu ni magoti. Nitawaeleza makosa yangu, maana mafanikio hayana mafunzo mengi, halafu nitawaeleza kuhusu Papa Zihindula wa Westerville, aliyevuka bahari kupeleka habari ya msiba wa kengele, na jinsi mimi, mtu wa ushahidi, nilivyokaribia kuuharibu msiba wake.

Kazi niliipata kwenye foleni ya duka, Highview. Siku hizo nilikuwa napanga viatu kwenye ghala moja hapa Louisville, kushoto na kulia, kushoto na kulia, mpaka nikifumba macho naona miguu. Nilikuwa kwenye simu na binamu yangu wa Bukavu, tunagombana kwa Kifaransa juu ya vitabu vyangu alivyovipoteza. Niligombana vizuri sana siku ile. Nilipokata simu nikaona mama mmoja mzungu, nywele nyeupe, mfuko wa vitunguu mkononi, ameacha zamu yake ipite ili asikilize.

Akaniambia kwa Kifaransa kizuri kuliko changu, "Mtu anayegombana hivi anaweza kupata chumba kwenye hoteli iliyojaa. Unafanya kazi wapi?"

Huyo ndiye Madam Hariet, mwalimu wa Kifaransa aliyestaafu. Alikuwa na biashara ndogo ya kupeleka watu Ufaransa, na si Paris. Paris, alisema, haihitaji msaada wa mtu. Aliwapeleka vijijini kusini-magharibi, kwenye ngome za mawe, makanisa ya zamani na vijiji vilivyozungushiwa kuta, ambavyo sasa vina wakazi wachache kuliko paka. Wateja wake walikuwa wastaafu wa Louisville, Columbus na Buffalo. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka sabini na minne na nyonga ya bandia aliyowekewa hospitalini. Alihitaji mtu wa kupanda ngazi.

Safari ya kwanza nilikaribia kufukuzwa kwa sababu ya ukweli. Tulikuwa chini ya ngome moja, kwenye chumba cha giza chenye ndoano za chuma darini, na mwenyeji wa ngome akatuambia hapo ndipo wafungwa walipotundikwa. Kulikuwa na Bwana Walta, fundi bomba mstaafu wa Columbus. Alizipiga picha ndoano zile kwa dakika ishirini, kila pembe, awaonyeshe wajukuu. Nikanyoosha mkono. Nikauliza mbele ya watu wote: ushahidi uko wapi? Chumba kina baridi, kiko karibu na jiko, ndoano ziko safu safu. Nikatangaza kwamba pale palitundikwa mapaja ya nguruwe yakauke, na hakuna mfungwa hata mmoja.

Nilikuwa sahihi, na mwenyeji alikubali kwa kunung'unika. Bwana Walta akaitazama kamera yake, akanitazama mimi, kisha akaanza kufuta picha moja baada ya nyingine. Safari yote iliyobaki aliniita "Daktari", kwa sauti isiyokuwa ya sifa.

Madam Hariet aliniita pembeni. "Walta alikuuliza ndoano ni za nini?"

"Hakuniuliza, lakini..."

"Basi ulikuwa unamjibu nani? Usimjibu mtu ambaye hajauliza."

"Na akiuliza?"

"Akiuliza, mwambie yote, hata akilia."

Nilibishana naye juu ya hilo miaka yote niliyofanya kazi kwake. Nani aliyesema ukweli lazima ungoje mwaliko? Lakini nililiandika kwenye daftari, kwa sababu mshahara ulitoka kwake.

Sasa ufundi. Ngazi za mnara huzunguka kama konokono, na hatua zake zimelika katikati kwa miguu ya miaka mingi. Wapandisheni wageni wakanyage upande mpana, na wewe mwongozaji ubaki nyuma wakati wa kupanda na mbele wakati wa kushuka, ili anayeanguka akuangukie wewe. Watawaambia ngazi huzunguka kuelekea kulia ili adui anayepanda ashindwe kuzungusha upanga. Labda. Nimeona zinazozunguka kushoto pia, na hakuna aliyenieleza kama zilijengwa kwa maadui wa mkono wa kushoto. Sikuuliza kwa sauti. Nilikuwa nimeshakua.

Msiwahesabu watu kwa vichwa, wahesabuni kwa wawili wawili: kila mmoja ajue mwenzake. Kabla sijajua hilo nilimsahau mama mmoja wa Buffalo kwenye kijiji cha mlimani kwa saa mbili, na tuliporudi tulimkuta jikoni kwa watu, anamenya viazi, hataki kuondoka. Tena, ofisi ya meya wa kijiji hufunguliwa Jumanne asubuhi. Usiulize Jumanne saa ngapi. Na kanisani chukueni soksi nzito hata mwezi wa saba, kwa sababu mawe yale hayajapata habari ya kiangazi.

Nilipoanza, tulitumia ramani za karatasi zinazokunjika vibaya. Baadaye tukaamini simu zenye sauti ya mwanamke anayejua kila njia. Mwanamke huyo alituingiza na basi letu chini ya lango la kale la kijiji kimoja, tukakwama katikati kama mfupa kooni. Dereva wetu alishuka, akapima kwa vidole: viwili kila upande, na juu hata kimoja. Wanakijiji wakaleta viti wakakaa kutazama. Mzee mmoja akaniambia kwa fahari kwamba lango lile limewazuia watu wengi wabaya katika historia, na hakutarajia litatuzuia na sisi. Tulitoka kwa kupunguza upepo kwenye magurudumu. Tangu hapo nikarudi kwenye karatasi.

Sasa nije kwa watu wetu wa Kongo na Burundi.

Ni Mama Nabintu aliyeanza. Mnaijua aina yake: anafanya kazi nyumba ya wazee hapa Highview, anaimba sauti ya pili kanisani, na akikuita kwa jina lako kamili ujue umepatikana. Watu wote wananiita Prof, na yeye pia, lakini yeye hulisema kama anayepima samaki kama bado ni mbichi. Siku moja baada ya misa alinizuia mlangoni.

"Prof, weye unapelekaka bazungu kuona manyumba ya bazungu. Balishaziona! Na siye?"

"Nyinyi mnataka kuona ngome, Mama?"

"Siye tumepata uraia, tuko na passeport. Ile passeport iko mu kabati, haijaenda fasi yoyote. Inazeeka."

Nikamwambia Madam Hariet nikidhani atakataa. Akasema, "Kwa nini umechelewa hivi?" Ndani ya miezi michache tulikuwa watu kumi na wanane kutoka miji yetu mitatu, na mmoja wao alikuwa Papa Zihindula.

Papa Zihindula alikuwa na miaka sitini na tisa, mfupi, msafi, mbishi. Alikaa Westerville, pembeni mwa Columbus, kwa binti yake na alifanya kazi ya kukunja maboksi kiwandani, na aliwasuta vijana wa pale kwamba wanakunja kama wanaofunga mtoto nepi. Zamani, kwenye misheni moja ya milimani Kivu ya Kusini, alikuwa mpiga kengele kwa miaka ishirini na sita. Kengele ile ilitoka Ufaransa. Kama hamjui, Wakatoliki huibatiza kengele: hupewa jina, hupewa wazazi wa ubatizo, na maneno hayo huandikwa ubavuni mwake kwa shaba. Yake ilisema jina lake ni Marie-Célestine, na mama zake wa ubatizo ni wanawake wa parokia ya Saint-Martin-de-V. Baada ya V maandishi yalikuwa yamelika.

Wakati wa vita walikuja watu wenye bunduki, wakaishusha kengele, wakaivunja, wakaiuza kwa vipande. Papa Zihindula akakimbia na kipande cha kamba yake ya katani, urefu wa mkono mmoja. Kamba hiyo ilikaa naye kambini Burundi, ikaja naye Ohio.

Alinipigia simu kabla ya safari. "Prof, kwetu, mutoto ukipewa na batu umuchunge, akikufa, unafanya nini?"

"Unapeleka habari kwao."

"Kwa télé­phone?"

"Hapana, Papa. Kwa miguu."

"Bon. Miye niko na deni la ile habari tangu vita. Bale bamama banafikiri mutoto wao anaimba mupaka leo."

Nikamwambia Papa, hao mama walishakufa zamani. Akaniambia mama wa ubatizo ni parokia, na parokia haifi. Nikamwambia Saint-Martin zimejaa Ufaransa kama Mama Furaha sokoni Uvira. Ukiita mmoja wanageuka kumi. Akaniambia, "Si uko Prof? Tafuta."

Nikatafuta. Niliandika barua kwa Saint-Martin zenye V, na moja tu ikajibu haraka, tena kwa bahati ilikuwa kando ya njia yetu. Ofisi ya meya iliandika kwamba ndiyo, wanawake wa parokia hiyo waliwahi kununua kengele kwa ajili ya misheni ya mbali. Inawezekana sana ndiyo yenyewe. Jina kamili la kijiji silitaji, msije mkaenda kumsumbua mwenye ufunguo.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefelishwa. Barua ilisema "inawezekana sana". Mimi nilimpigia Papa Zihindula nikasema "nimewapata". Nilisikia akivuta pumzi. Kisha akasema anakwenda kununua suti.

Kutembea na watu wetu kulikuwa tofauti na kutembea na akina Bwana Walta. Wamarekani wakiingia kwenye ngome huuliza malkia alilala wapi. Watu wetu waliuliza watu walikimbilia wapi. "Mlango wa nyuma uko wapi?" "Mbuzi walifichwa wapi?" "Maji walichota wapi wakizungukwa?" Kwenye kanisa moja lenye kuta za ngome na kisima katikati, Mama Nabintu alichungulia kisima, akakipima kwa macho, akasema, "Batoto na bamama, wiki tatu. Siku zaidi hapana." Mwenyeji wetu Mfaransa akasema vitabu vyao vinakadiria hivyo hivyo.

Tulikuwa pia na Mzee Eliya, Mrundi wa East Side kule Buffalo, Mpentekoste asiyependa sanamu. Aliingia makanisani mikono nyuma, kama mkaguzi. Siku ya tatu alisimama mbele ya safu ya watakatifu wa mawe waliokatwa vichwa.

"Hawa wamefanywa nini?"

"Yalikuwa mapinduzi, Mzee. Watu wa hapa hapa waliwakata."

"Majirani?"

"Majirani."

Akavua kofia yake. Hakusema habari ya sanamu tena.

Siku ya Saint-Martin tulifika saa nne asubuhi, mvua inanyesha kwa uvivu. Kanisa dogo, mnara mnene, mlango umefungwa, bila shaka. Mbele ya mlango kulikuwa na baraza yenye paa na mabenchi ya mawe. Nikawaketisha wote humo, Papa Zihindula katikati, suti nyeusi, kofia magotini, na nikaenda kutafuta ufunguo.

Ulinichukua saa nzima. Maharage yalikuwa yamekwisha, mwenye ufunguo alikuwa kwenye banda la kuku. Aliitwa Madame Solange, mjane wa miaka themanini hivi, viatu vya mpira, macho makali. Alijua tunakuja. Tulipokuwa njiani, chini ya mwavuli wake, akasema:

"Kwa hiyo nyinyi ndio watu wa kengele. Lakini mimi sielewi. Kengele yetu ilikwenda Tonkin."

"Wapi?"

"Tonkin. Asia. Imeandikwa kwenye jiwe pale barazani. Meya hasomi kitu, huyo."

Nilisimama katikati ya njia. Mvua ikaniingia kolani. Nikamweleza yote kwa haraka: mzee, kamba, suti, na barua yenye "inawezekana sana". Nikamwambia, "Madame, nakuomba, usiseme." Mimi! Mimi niliyemnyang'anya Bwana Walta ndoano zake!

Akaniuliza, "Amekuuliza?"

Nilidhani Madam Hariet amempigia simu. "Hapana," nikasema. "Bado."

"Basi."

Nikakimbia. Jiwe lenyewe lilikuwa ukutani kushoto, usawa wa mabega yangu, ukuta mweupe, herufi nyeusi kubwa: TONKIN. Nikaliegemea. Nikalifunika na mgongo wangu, nikafungua na koti kidogo liwe pana, nikatabasamu. Watu wangu kumi na wanane wakanitazama kwa adabu nyingi sana. Mama Nabintu akauliza kama nimechoka. Nikasema naam, nimechoka, napumzika kidogo hapa. "Pumuzika, Prof," akasema. "Pumuzika vizuri."

Madame Solange alikuwa amewaita majirani zake wanne, wanawake wa rika lake, nao wakaja na makoti ya mvua, wakasimama mstari mmoja bila kuambiwa. Papa Zihindula akainuka. Kifaransa anakijua, alisoma kwa mapadri. Lakini msiba, alisema, husemwa kwa lugha ya pale ulipofiwa, na Prof atatafsiri. Nikatafsiri kutoka pale ukutani.

"Bamama," alisema, "nimekuja na habari mubaya. Mutoto wenu Marie-Célestine hayuko tena. Mulinipa nimuchunge, nikamuchunga miaka makumi mbili na sita. Balikuja batu na bunduki, bakamushusha, bakamuvunja. Miye nilikuwa ndani ya migomba, ninaona. Sikulia, juu bangenisikia. Donc, mupaka leo sijamulilia. Munisamehe, nimechelewa. Njia ilikuwa murefu."

Nilitafsiri neno kwa neno. Sikuongeza, sikupunguza. Nilipofika kwenye migomba ikabidi nianze upya.

Madame Solange akanitazama, akautazama na mgongo wangu uliogandana na ukuta. Nikajua sasa ndiyo basi. Lakini alimgeukia Papa, akauliza kwa Kifaransa chepesi, "Alikuwa na sauti gani?"

Papa Zihindula hakungoja tafsiri. "Asubuhi alikuwa anakohoa," alisema kwa Kifaransa. "Pigo la kwanza baya kila siku, kama mtu aliyeamshwa. La pili anasafisha koo. Kuanzia la tatu, Madame, hata ng'ombe walisimama."

"Nyinyi hupiga nini mnapofiwa huko kwenu?"

"Tulimpiga yeye. Alipokufa yeye, hakukuwa na kengele ya kumpigia."

Madame Solange akafungua mlango.

Ndani palikuwa na sanduku la chuma ukutani lenye kibonyezo chekundu. Siku hizi kengele kubwa zote zinaendeshwa kwa umeme, bonyeza, ondoka. Papa Zihindula alikitazama kibonyezo kile kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga mwenye masharubu. "Kama lifti," alisema. Lakini kwenye kona, juu ya ndoano, kamba moja ilikuwa bado ipo, ya kengele ndogo ambayo hawakuipa umeme. Madame Solange akaishusha. Akaeleza kwamba kwao msiba hupigwa polepole, mapigo matatu matatu kwa mwanamume, mawili mawili kwa mwanamke. Akaniuliza, "Huyu?"

"Mwanamke," Papa akajibu mwenyewe, kwa hasira kidogo. Marie-Célestine angekuwa nani?

Akavua koti la suti, akampa Mama Nabintu. Nitawaeleza alivyofanya, maana ni ufundi na sijauona tena. Hakuvuta kwa mikono. Alishika kamba juu ya paji la uso, akakunja magoti, akaiacha miili yote miwili, wake na wa kengele, ishuke pamoja. Kisha akaifuata kamba ikipanda, vidole vikiteleza, mpaka akasimama kwa ncha za viatu. Pigo. Akangoja. Pigo. Akangoja zaidi. Uso ulikuwa umelowa na hakuupangusa, mikono ilikuwa na kazi. Mzee Eliya, adui wa sanamu, alikuwa amepiga magoti juu ya mawe yale bila soksi nzito.

Nje milango ikafunguka. Kijiji kidogo, kengele ya msiba, na hakuna aliyekuwa anaumwa. Mwoka mikate akaja mbio, unga mpaka kwenye nyusi. "Nani amekufa?"

"Marie-Célestine," Madame Solange akamjibu.

"Marie-Célestine yupi?"

"Wa Afrika."

Mwoka mikate aliwaza kidogo. Kisha akavua kofia yake nyeupe, akaishika kifuani, akabaki.

Chakula cha mchana walitupa wao, kwenye ukumbi wa kijiji: supu, mkate, jibini ambayo Mama Nabintu aliinusa na kuisogeza taratibu mpaka kwenye sahani ya Mzee Eliya. Nilikaa mwisho wa meza, nimeridhika kama mwizi aliyefika nyumbani. Nimewalinda wote. Hapo Mama Nabintu akapita nyuma yangu, akaniita jina langu kamili.

"Nsimire. Geuka."

Nikageuka. Akanipiga mgongoni kwa kiganja, pa! pa! na wingu jeupe likainuka juu ya supu. Koti langu jeusi lilikuwa limejaa chokaa.

"Ile Tonkin yako yote iko mu koti," akasema, na meza nzima ikaangua kicheko mpaka Wafaransa wakaja kuuliza kuna nini.

"Mlijua?"

"Prof," alisema Mzee Eliya, "ulituketisha pale saa nzima, mvua inanyesha. Tungesoma nini kingine?"

Mtu anayeuliza kila kitu hakuuliza watu kumi na wanane walikuwa wanafanya nini barazani. Nikamgeukia Papa Zihindula. Yeye hakucheka. Alikuwa anachovya mkate kwenye supu kwa uangalifu, kofia iko magotini.

"Papa. Ulilisoma?"

"Nilisoma."

"Kabla ya kusema?"

"Mara tatu. Nilifikiri macho."

"Kwa nini basi ulisema habari yote? Kwa nini hukuniambia?"

"Weye ulisema umebapata. Ulitafuta sana. Halafu nikakuona unakimbia na mvua, unaenda kubandika mugongo ku ukuta kama kalendari." Akatafuna. "Nikasema, bon, sitamuhaibisha mutoto wa batu."

"Lakini siyo wao! Mama zake wako Saint-Martin nyingine!"

"Eh. Sasa nikuulize miye, Prof. Kwetu ukipeleka habari ya msiba, ukakuta mulango imefungwa, benyewe hawako, unarudi nayo nyumbani?"

Nilijua jibu. Kila mtu kutoka kwetu analijua. "Unaiacha kwa jirani," nikasema.

"Na jirani?"

"Jirani anaifikisha."

Papa Zihindula akamnyooshea kidole Madame Solange, aliyekuwa upande wa pili anakata jibini. Hapo ndipo nikaona kwamba ile kamba ya katani, urefu wa mkono mmoja, inachungulia kwenye mfuko wa aproni yake, pamoja na ufunguo.

Niliacha kazi mwaka uliofuata. Magoti, kama nilivyosema, na Madam Hariet akaenda kuishi kwa mwanawe, na bila yeye wa kubishana naye minara ikawa mirefu zaidi. Sasa nafundisha. Wanafunzi wangu wakiniuliza, nawaambia yote, hata wakilia.

Madame Solange ana orodha ya Saint-Martin zote zenye V, ameibandika jikoni. Huwaandikia moja moja, kwa mkono, na akipata jibu lisilo lenyewe hulikata kwa kalamu nyekundu na kunitumia neno. Juzi aliniandikia kwamba kuna moja, mbali kaskazini, karani wake amesema bibi yake aliwahi kusimulia habari ya kengele, lakini lazima afungue makabrasha ya ofisi ya meya athibitishe. "Inawezekana", aliandika Madame Solange. Hakuandika "sana".

Nikampigia Papa Zihindula, Westerville. Safari hii nilimsomea barua kama ilivyo, neno kwa neno.

"Ofisi inafunguliwa lini?" akauliza.

"Jumanne asubuhi."

"Leo ni siku gani?"

"Alhamisi, Papa."

"Bon," alisema, na nikamsikia akivuta kiti. "Basi tuko karibu."